Picha ya Staa Tabora: Mmegombania Kaptula, Lori Hakuna Aliyeliona

Picha ilipanda Jumapili jioni. Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina kapuni, kakaa juu ya baiskeli nyekundu katikati ya lami. Mguu mmoja uko chini, miwani ya jua usoni, kaptula ya kubana kama ya wanamichezo, na nyuma yake msitu wa miombo ndio kwanza unatoa majani mapya, yale mekundu ya kabla ya mvua. Chini ya picha kaandika kwamba watu waache kuota Unyamwezini ya Marekani, waje waione Unyamwezi yenyewe. Alikuwa kaenda Tabora kwa shoo ya usiku mmoja, akaongeza siku mbili za kula bata.

Ndani ya saa mbili maoni yalikuwa hayasomeki kwa wingi, na Wabongo kama kawaida yao wakagawana mafungu. Fungu la kwanza lilikomaa na kaptula: imebana, haijabana, mbona akivaa Mzungu hamsemi. Fungu la pili likawa la wapelelezi, maana kwenye kioo cha miwani kulionekana kivuli cha mwanaume aliyeshika simu, basi watu wakavuta picha mpaka ikapasuka wakitaka kujua shemeji ni nani. Fungu la tatu likasema hiyo ni kiki tu, subirini Ijumaa mtasikia wimbo.

Katikati ya vurugu zote hizo kulikuwa na swali moja dogo. Lilipata likes nne. Mtu aliuliza hivi: "Dada hapo ni wapi, na mtu akienda na baiskeli ni salama?"

Staa hakujibu. Mashabiki nao hawakujibu. Na hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana siku ile.

Hebu irudieni ile picha

Ukiacha kaptula, angalia kona ya kushoto. Kuna mzee na baiskeli yake aina ya Phoenix, nyuma kafunga magunia mawili ya mkaa yamesimama kuliko yeye. Tairi lake la mbele liko kwenye mchanga, nje kabisa ya lami. Hajashuka kupumzika. Kashuka kwa sababu hana pa kupita.

Sasa angalia juu, mbali, pale barabara inapokuwa nyembamba kama uzi. Kuna taa mbili. Lile ni lori.

Waliokuwepo wanasema meneja wa staa alisimama mbele kidogo, kanyoosha mkono kama trafiki, akiomba sekunde kumi tu. Lori likapiga honi, dereva akakanyaga breki. Mzee wa mkaa akaona mambo yanaweza kumwangukia yeye, akajitupa pembeni na mzigo wake. Picha ikapatikana, watu wakacheka, wakapanda gari na baiskeli nyekundu ikarudishwa kwenye buti. Ndiyo, ilikuja kwa gari na ikaondoka kwa gari. Hata kilomita moja haikuendeshwa.

Sekunde kumi zinaonekana kitu kidogo. Lakini gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo wa malori makubwa kwenye barabara kuu, linakata mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde kumi limekula mita 220, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Dereva akichelewa kushtuka kwa sekunde moja na nusu tu, ameshakwenda mita 33 kabla mguu haujagusa breki. Na hapo lori linaweza kuwa na shehena ya tumbaku au saruji, halisimami kama bajaji.

Meneja alipoulizwa na watu mitandaoni alijibu kwamba barabara ilikuwa tupu. Taa zile mbili bado zipo kwenye picha, kila mtu anaweza kuziona.

Kuiga kukaanza

Haikupita wiki, vijana wa mjini Tabora nao wakaanza kupiga picha zao. Pozi ni lile lile: katikati ya mstari, mguu mmoja chini, miwani. Dogo mmoja wa maeneo ya Ipuli, kamaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anasubiri maisha yafunguke, akaazima baiskeli ya jirani yake anayesambaza mikate asubuhi. Akaenda na washkaji zake wawili kwenye barabara kubwa. Kioo cha pembeni cha Hiace kikamchota begani. Mkono ukavunjika, rimu ya baiskeli ikapinda kama nane, na jirani wa mikate akakaa siku sita anatembeza kreti kwa miguu.

Dogo kapona, mkono uko kwenye plasta. Lakini jaribu kuhesabu hasara ya ile picha. Staa kapata likes, meneja kapata mazungumzo, dogo kapata plasta, na muuza mikate ambaye hata simu janja hana kapoteza kipato cha karibu wiki nzima.

Wapo watakaosema usimbebeshe staa mzigo wa mtoto wa watu, kwani alimtuma? Ni kweli hakumtuma. Na haki yake apewe: alichokuwa anakitafuta dada yule ni kitu kizuri. Alitaka sehemu yenye upepo, miti, lami laini na historia, apande baiskeli kwa raha kama watu wengine duniani. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kuwaambia watu milioni "njooni" bila kuwaambia wapite wapi.

Unyamwezi yenyewe

Kuhusu Tabora kuwa sehemu nzuri ya baiskeli, staa hakudanganya. Mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni tambarare. Hutakutana na mlima wa kukutoa roho kama ungekuwa Lushoto. Mitaa ya zamani ina miembe mikubwa na mikrismasi, kivuli kinaweza kukufuata mwendo mrefu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kiangazi, huhitaji kuwaza matope.

Halafu kuna ile njia. Kabla ya reli, watu walitembea kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kilomita kama 1,200, na Tabora ilikuwa njia panda. Msafara ukifika hapa ulipumzika, ukagawanyika, wengine wakaenda Ujiji ziwani, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kupita hapa walipita pembe za ndovu, na walipita watu waliofungwa minyororo. Kwa hiyo njia hii si ya kupigia tu picha, ina machozi ya watu. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, na Kwihara, pembeni tu ya mji wa Tabora, ni moja ya vituo vilivyotajwa.

Wapagazi maarufu wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kichwani au begani, miezi mitatu mpaka pwani. Ndiyo maana jina la Mnyamwezi lilijulikana mbali kabla hata vijana wa mtaani hawajaligeuza kuwa Mmarekani.

Sasa mwangalie tena mzee wa mkaa kwenye picha. Mzigo mzito, njia ile ile, kaanza safari usiku. Huyo ndiye mpagazi wa leo, tofauti ni kwamba ana magurudumu mawili. Na babu zake angalau hawakuwa wanasukumwa na lori.

Basi swali lijibiwe

Yule aliyeuliza kama ni salama, jibu lake linaanza hivi: kwenye barabara kubwa za lami zinazotoka mjini, ile ya Nzega, ile ya Urambo na ile ya Sikonge kwenda Mpanda, mandhari yapo lakini njia ya baiskeli ya kustarehe hapana. Lami ni mpya kiasi, inateleza vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Lami nzuri inamfurahisha mwendesha baiskeli, lakini inamfurahisha zaidi mwenye gari. Zamani shimo lilikuwa linampunguza mwendo, leo hakuna kinachompunguza mpaka afike kwenye makazi alikute bango la 50.

Watu wanaoishi kwa baiskeli wanazijua hizo barabara kuliko mhandisi. Wanakwambia hatari haiko kwa lori linalokuja peke yake, iko pale malori mawili yanapopishana ulipo wewe. Kila moja linataka nafasi yake, na yako haipo. Ukiona linakuja moja mbele na unasikia jingine nyuma, shuka mapema, usisubiri honi. Wanakwambia pia uangalie ukingo wa lami, kuna sehemu umekatika kama ngazi. Ukishuka tu sawa, ukitaka kurudi juu huku umekaa kwenye kiti, tairi linakwama na unaanguka upande wa magari. Shuka, inua baiskeli, panda tena. Na upepo wa basi likikupita karibu unaweza kukuvuta ndani.

Hayo yote anayajua mzee wa mkaa. Hakuna aliyemuuliza.

Mwingine alikuja kimya kimya

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, alikwenda Tabora mwezi huo huo kwa msiba wa shangazi yake. Yeye hakuwa na meneja wala baiskeli nyekundu. Alimkuta fundi baiskeli chini ya mwembe, akakodi baiskeli ya kawaida yenye keria, na kabla ya kuondoka akauliza maswali matatu: saa ngapi, wapi, na wapi nisipite. Fundi akamchorea kwenye mchanga kwa kijiti.

La saa ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Tabora iko magharibi, jua lake linachelewa kama dakika 25 nyuma ya Dar es Salaam. Mtu wa Dar aliyezoea kutoka saa 12 kamili asubuhi kukiwa kweupe, hapo Tabora bado ni gizagiza, na gizagiza ndiyo saa mbaya kuliko zote. Dereva wa usiku amechoka, taa zake zimefifia kwenye mwanga wa alfajiri, na wewe huna hata reflekta. Fundi alimwambia subiri mpaka uone rangi ya nguo ya mtu aliye mbali, ndipo utoke. Na ikifika saa 3 uwe umesharudi, kwa sababu jua la kule haliombi ruhusa.

Kuhusu wapi, fundi alimpa mizunguko miwili.

Mzunguko wa kwanza ni wa ndani ya mji, mitaa ya zamani ya stesheni, Boma na shule kongwe, Jumapili mapema. Hapo lami ipo, kivuli kipo, magari yanahesabika. Unaipita stesheni ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Unaliona Boma la Mjerumani. Unapita maeneo ya shule ambako Mwalimu Nyerere alisoma kuanzia mwaka 1937, kisha akarudi mji huo huo kufundisha St. Mary's mwaka 1946. Kwa saa moja ya taratibu umeshaona vitu ambavyo watu wanavisoma kwenye vitabu vya Historia na kuvisahau.

Mzunguko wa pili ni wa Kwihara. Ni kilomita zisizofika kumi kutoka mjini. Hapo ukweli usemwe, si njia ya lami ya kifahari. Ukiacha barabara kubwa unaingia vumbi, tairi nyembamba za mbwembwe hazifai, na mvua zikianza usiende. Lakini magari ni machache, na kila unayekutana naye anakusalimia. Mwisho wa njia kuna tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji mwaka mmoja nyuma. Stanley akaondoka kwenda pwani, mzee wa watu akabaki miezi anasubiri mizigo na wapagazi. Mwaka uliofuata alifia mbali huko kusini, na akina Chuma na Susi waliobeba mwili wake kuurudisha pwani walipita hapo hapo Unyanyembe.

Mtangazaji alipiga picha moja tu: baiskeli ya kukodi imeegemea ukuta wa tembe, yeye mwenyewe hayupo kwenye picha. Chini kaandika saa aliyotoka, njia aliyopita, kwamba avae mtu shati la rangi kali, aache visikizi nyumbani, na akifika barabara kubwa aivuke kwa miguu huku anaisukuma baiskeli. Akamtaja na fundi kwa jina la kijiwe chake.

Likes zake hazikufika hata mia tatu. Lakini fundi yule anasema tangu hapo kila Jumamosi jioni kuna watu wanakuja kuulizia baiskeli ya kesho yake.

Baiskeli ya nani ni lifestyle?

Kuna jambo linalouma kidogo, na watu wa mjini hawapendi kulisikia. Staa akipanda baiskeli Tabora inaitwa lifestyle. Mzee akipanda baiskeli Tabora inaitwa shida. Barabara ni moja, mnyororo ni ule ule, na jasho la mzee ni jingi zaidi. Lakini staa akishuka kwenye lami ni habari ya mjini, mzee akisukumwa nje ya lami haonekani hata akiwa ndani ya picha.

Ndiyo maana njia za baiskeli hazijengwi. Wanaozihitaji kila siku wanaonekana ni watu ambao bado hawajapata hela ya bodaboda, kana kwamba wakipata watahama na tatizo litakwisha lenyewe. Na wenye hela wanaozitaka kwa raha wanakwenda kuzifuata Dubai, wanarudi na video.

Makundi haya mawili yanahitaji kitu kimoja. Mita moja na nusu. Basi. Mita moja na nusu ya lami kila upande, iliyotengwa kwa ukingo ambao gari haliwezi kuupanda kwa bahati mbaya. Mzee wa mkaa atapita saa 11 alfajiri, wanafunzi watapita saa 1, muuza maziwa saa 2, na mtalii wa ndani na miwani yake Jumapili. Njia salama kwa mwenye mzigo ndiyo hiyo hiyo nzuri kwa mwenye starehe. Kinyume chake hakiwezekani, huwezi kujenga njia ya starehe ambayo mzee wa mkaa haruhusiwi kupita halafu ukaiita ya Tabora.

Msije mkasema hizi ni ndoto

Dar es Salaam ilijaribu. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mwendokasi, huduma iliyoanza mwaka 2016, pembeni kuliwekwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Leo pita pale uone. Kuna sehemu bodaboda wamezigeuza mkato, na kuna sehemu zimekuwa meza za matunda. Kwa hiyo Tabora isidanganyike kwamba kuchora mstari kunatosha. Njia bila msimamizi inachukuliwa na mwenye nguvu, na mwenye baiskeli hajawahi kuwa mwenye nguvu.

Majirani wamefanya kitu kisichohitaji hata saruji. Kigali tangu mwaka 2016 wana siku bila magari. Sasa hivi ni Jumapili mbili kila mwezi, barabara zilizochaguliwa zinafungwa asubuhi, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, watoto wanajifunza kupiga pedeli bila mama kushika moyo. Mji huo huo Septemba 2025 ukaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Na mbali huko Bogotá, Kolombia, wanafunga barabara kila Jumapili na sikukuu tangu mwaka 1974, zaidi ya kilomita 120 zinabaki kwa miguu na magurudumu madogo.

Tabora haihitaji kilomita 120. Inahitaji mitaa michache ya zamani kati ya stesheni na Boma, Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi. Vizuizi vichache, askari wachache wa usalama barabarani, mafundi baiskeli wapewe kona zao wakodishe, akina mama wauze uji na karanga, wauza asali waje na chupa zao, maana asali ya Tabora hailazimiki kusubiri Sabasaba. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na manispaa ipo, na madiwani wapo. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye hana simu.

Hapo ndipo staa angekuwa na kazi. Watu wanasema msanii si mhandisi, aachwe aimbe. Sawa. Lakini msanii huyo huyo akitaka kuuza wigi anajua kuuliza followers wake rangi gani wanapenda, na kesho yake wigi limeisha. Post moja yenye picha ile ile, kaptula ile ile, ikisema "hapa nilipokaa ni hatari, naomba tuwekewe njia", ingefika kwenye simu ya kila diwani wa Tabora kabla ya chakula cha mchana. Asingepoteza hata like moja. Labda angeongeza na ya mzee.

Mpaka leo hajaandika kitu kama hicho. Baada ya habari ya dogo wa Ipuli kusambaa alifunga maoni, na Ijumaa wimbo ukatoka kweli. Fungu la tatu walishinda.

Picha bado ipo. Kwa watakaoiangalia tena, msihangaike na kivuli kwenye miwani. Nendeni kona ya kushoto, kwa yule mzee mwenye tairi kwenye mchanga. Anaonekana ameishika baiskeli kwa mikono miwili na uso kageuza nyuma, anaangalia lile lori. Kwenye picha nzima ni yeye peke yake anayeliangalia.

Watu wa Tabora, nyinyi ndio wenye mji. Wapi mnapita na baiskeli asubuhi mkiwa na amani, na wapi hamthubutu? Andikeni hapo chini mtaa kwa mtaa, na msisahau kutaja saa. Yule aliyeuliza bado anasubiri.